Umeng'atwa na mbwa: jinsi ya kuupa mwili muda wa kujenga kinga

Virusi vya kichaa cha mbwa vina udhaifu mmoja: vinasafiri polepole. Jino la mbwa likishaviingiza mwilini, havisambai kwa njia ya damu kama vimelea vya malaria. Vinakaa kwanza kwenye msuli ulio karibu na jeraha, vinazaliana kidogo, kisha vinapenya kwenye ncha za mishipa ya fahamu na kupanda kuelekea uti wa mgongo na ubongo, kwa mwendo usiozidi sana milimita 100 kwa siku. Kwa watu wengi dalili hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu. Wachache huanza kuumwa ndani ya wiki moja, na wengine hukaa hata mwaka.

Mfumo wa kinga wa mtu aliyechanjwa nao unahitaji siku 7 hadi 14 ili utoe kingamwili za kutosha, yaani protini za kumnasa mvamizi. Nafasi ya kupona iko kwenye tofauti ya siku hizo. Ikishapotea, yaani virusi vikafika kwenye ubongo na dalili zikaanza, karibu kila mgonjwa hufa, na hakuna dawa ya kumrudisha, awe Mwanza au London. Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa chini ina kazi moja kati ya tatu: kupunguza idadi ya virusi, kuvizuia visifike kwenye mishipa ya fahamu, au kuuharakisha mwili utengeneze silaha zake.

Kwa nini mwili hauwezi peke yake

Ngozi ikichanika, ulinzi wa kawaida huanza mara moja. Chembe nyeupe zinazomeza vijidudu hukusanyika kwenye jeraha na kutoa kemikali zinazoleta uvimbe, joto na maumivu. Seli zilizovamiwa na virusi hutoa protini iitwayo interferoni, ambayo huzitahadharisha seli jirani zifunge milango. Wakati huohuo chembe za upelelezi hubeba vipande vya mvamizi hadi kwenye tezi za limfu zilizo karibu: za kwapani kama jeraha liko mkononi, za kinenani kama liko mguuni. Hapo chembe T huvichunguza vile vipande, na zikivitambua kuwa ni vya adui huziamsha chembe B, ambazo huanza kutengeneza kingamwili za kumnasa adui yuleyule na si mwingine. Mtoki unaovimba baada ya mtu kuumia ni dalili kwamba kazi hiyo inaendelea.

Virusi vya kichaa cha mbwa huukwepa mpango wote huu. Vinavyoingia na mate ni vichache mno kuliamsha jeshi. Vina protini inayozima mawasiliano ya interferoni. Na vikishaingia ndani ya mshipa wa fahamu, havionekani tena kwa urahisi na chembe zinazozunguka kwenye damu. Ndiyo maana wagonjwa wengi huanza kuumwa wakiwa hawana kingamwili zozote zinazopimika, utadhani mwili haujawahi kuambiwa kwamba umevamiwa.

Chanjo hufanya kile ambacho kidonda hakikufanya. Inaleta virusi vingi, vilivyokufa, kwenye msuli au ngozi ya bega, mahali ambapo chembe za upelelezi zinapita kila saa. Kwa kuwa vimekufa, haviwezi kumwambukiza mtu kichaa; hofu hiyo haina msingi wowote.

Dakika 15 za kwanza

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tumia saa, kwa sababu mtu mwenye maumivu huona dakika tatu kama robo saa. Sabuni yoyote inafaa: ya mche, ya unga, ya maji. Virusi hivi vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huyeyusha utando huo; ukishavunjika, virusi haviwezi tena kuingia kwenye seli. Usiidharau hatua hii kwa sababu ni rahisi. Inaondoa sehemu kubwa ya virusi kabla havijagusa mshipa wa fahamu, na ndiyo pekee unayoweza kuifanya ukiwa bado nyumbani.

Kama hakuna bomba, mtu mmoja amwage maji kwa jagi au dumu huku mwingine akiosha. Andaa lita 10 au zaidi. Ingiza maji na povu ndani ya matundu ya meno, si juu ya ngozi tu. Meno ya mbwa huacha tundu dogo lenye kina, na hilo ndilo linalowadanganya watu kwamba "ni mkwaruzo tu". Usisugue kwa brashi hadi nyama ichanike zaidi, maana unaviongezea virusi njia za kupita. Anayeosha avae glavu au mfuko safi wa plastiki mkononi kama ana vidonda. Kama mate yameingia jichoni au mdomoni, suuza kwa maji safi tu, bila sabuni, kwa muda uleule.

Baada ya kuosha, paka dawa ya iodini au spiriti ya asilimia 70. Kisha liache jeraha wazi, au lifunike kwa kitambaa safi bila kukaza.

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Watu hupaka pilipili, mafuta ya taa, majivu, majani yaliyotafunwa, maji ya betri, au manyoya ya mbwa yaliyochomwa. Wengine hubandika jiwe jeusi, lile linalotumika kwa sumu ya nyoka, na kusubiri lianguke lenyewe. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoua virusi ndani ya msuli. Vingine huunguza nyama na kuleta usaha, na vyote vinakula muda. Hata kufunga kamba juu ya jeraha hakusaidii, kwa kuwa virusi hivi havipandi kwa damu.

Jeraha lisishonwe haraka. Sindano ya kushonea huwasukuma virusi ndani na kuwafunga humo karibu na mishipa ya fahamu. Kama ni lazima kushona, kwa mfano jeraha la usoni linalovuja damu nyingi, daktari achome kwanza seramu (tutaieleza mbele), asubiri saa kadhaa ienee, kisha ashone kwa nyuzi chache zilizolegea.

Pima uzito wa jeraha

Shirika la Afya Duniani limeyagawa matukio haya katika madaraja matatu, na wauguzi wengi hutumia mgawanyo huo. Ukiujua, utajua pia cha kudai ukifika dirishani.

Daraja la kwanza: umemgusa mnyama, umemlisha, au amekulamba kwenye ngozi isiyo na kidonda. Nawa mikono, huhitaji chanjo.

Daraja la pili: amekung'ata kidogo kwenye ngozi isiyofunikwa na nguo, au amekukwaruza bila damu kutoka. Osha, kisha upate chanjo.

Daraja la tatu: meno au kucha zimepenya ngozi, damu imetoka, amelamba kidonda, au mate yameingia jichoni, puani au mdomoni. Kugusana moja kwa moja na popo kunaingia humu pia. Hapa inahitajika chanjo pamoja na seramu.

Kwenye mkwaruzo usioeleweka kama umetoa damu au la, pakaa spiriti. Ikiwasha kama moto, ngozi imefunguka, na wewe uko angalau daraja la pili.

Mahali pa jeraha pana uzito mkubwa. Kichwani, usoni na shingoni safari ya kwenda kwenye ubongo ni fupi. Viganjani na sehemu za siri kuna mishipa ya fahamu mingi sana. Mtu wa namna hiyo asilale nyumbani akingoja kesho. Watoto ndio hung'atwa usoni mara nyingi, kwa sababu kimo chao kinalingana na mdomo wa mbwa, na ndio pia huficha tukio kwa kuogopa kuchapwa. Kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, takribani 40 kwa kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto akirudi na suruali iliyochanika, muulize bila ukali.

Si mbwa peke yake. Paka, mbweha, nguchiro, fisi, punda na ng'ombe wote wanaweza kuambukiza, ingawa mbwa ndiye chanzo cha vifo 99 kati ya 100. Wafugaji waangalie jambo moja: ng'ombe mwenye kichaa hushindwa kumeza na hutokwa na mate mengi, akaonekana kama amekwamwa na kitu kooni. Mwenye ng'ombe humwingiza mkono mdomoni kutafuta mfupa au kiazi, na hapo mate yanaingia kwenye michubuko ya vidole. Panya wa nyumbani kwa kawaida hawaambukizi ugonjwa huu.

Nenda wapi, na useme nini

Zahanati nyingi hazina chanjo hii. Hospitali ya wilaya nchini Tanzania, au ya kaunti ndogo nchini Kenya, ndiyo yenye uwezekano zaidi, na hata huko huisha. Piga simu kabla ya kupanda gari. Uliza maswali mawili tofauti: "Mna chanjo ya kichaa cha mbwa?" na "Mna seramu yake, ile imunoglobulini?" Jibu la kwanza likiwa ndiyo na la pili hapana, nenda ukaanze chanjo, huku ndugu akiendelea kutafuta seramu kwingine. Usisubiri vyote viwili vipatikane mahali pamoja.

Usisubiri pia kuona kama mbwa atakufa. Anza leo, kisha mwangalie mbwa ukiwa tayari kwenye dozi. Na kama zimeshapita siku, wiki au hata miezi tangu ung'atwe na hukuchanjwa, nenda vilevile. Alimradi dalili hazijaanza, huenda virusi bado viko njiani.

Hapo hospitalini ulizia mambo mengine mawili. La kwanza ni chanjo ya pepopunda, kama hukumbuki ulichomwa lini. La pili ni antibiotiki, hasa kwa majeraha ya mkononi, ya usoni au yenye kina, maana mdomo wa mbwa una bakteria wengi wa kuleta usaha. Antibiotiki haigusi virusi vya kichaa hata kidogo. Mtu aliyepewa vidonge peke yake na kurudishwa nyumbani hajatibiwa.

Chanjo: mahali, kiasi na siku

Siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza, si siku uliyong'atwa. Ratiba hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hata kati ya hospitali na hospitali kulingana na akiba iliyopo. Hizi ndizo utakazokutana nazo:

Ya msulini, dozi nne: siku ya 0, 3, 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Kila mara chupa nzima, sindano moja. Vituo vingi bado hufuata ratiba ya zamani ya dozi tano: 0, 3, 7, 14 na 28. Ukianza Jumatatu, ya pili ni Alhamisi, na zote zinazofuata ni Jumatatu. Andika hivyo ukutani.

Ya msulini, safari tatu: sindano mbili siku ya 0, moja kila bega, kisha moja siku ya 7 na moja siku ya 21.

Ya ndani ya ngozi: mililita 0.1 sehemu mbili tofauti, siku ya 0, 3 na 7. Chupa moja hugawanywa kwa watu kadhaa, kwa hiyo ni nafuu, na kinga yake ni ileile kwa sababu ngozi imejaa chembe za upelelezi kuliko msuli. Ila inahitaji mkono uliozoea. Ikichomwa sawasawa, ngozi huinuka palepale na kuwa kipele kilichopauka chenye vishimo kama ganda la chungwa. Ngozi isipoinuka, dawa imeingia chini mno, na dozi irudiwe pembeni siku hiyohiyo. Usione aibu kulisema.

Mtu mzima achomwe begani. Mtoto wa chini ya miaka miwili achomwe upande wa mbele wa paja. Isichomwe kwenye tako kamwe: mafuta ya pale huizuia chanjo isifike vizuri kwenye tezi, na kingamwili zinazopatikana huwa chache. Muuguzi akikuambia "geuka", mwombe kwa upole atumie bega.

Chanjo hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8. Aina nyingi huja kama unga mkavu na kimiminika chake pembeni. Kikishachanganywa kwa ajili ya kugawia watu, kinatakiwa kitumike ndani ya saa 6 hadi 8 kikiwa kwenye baridi hiyohiyo, kilichobaki kimwagwe. Ukinunua chanjo duka la dawa ili upeleke ichomwe kwingine, ibebe kwenye kibebeo chenye barafu, lakini chupa isigusane na barafu moja kwa moja isije ikaganda.

Kwa nini dozi zirudiwe? Sindano ya kwanza huziamsha chembe B chache zinazomfahamu adui huyu. Zinaanza kugawanyika na kutoa kingamwili za haraka, ambazo zinashika kwa ulegevu. Zinazofuata huzikuta chembe zile zimeshaongezeka, nazo huzisukuma zibadilishe aina ya kingamwili ziwe imara zaidi, zinazong'ang'ania ile protini ya juu ya kirusi ambayo kwayo huingilia kwenye seli. Kipimo kinachohesabiwa kuwa kinga ya kutosha ni yuniti 0.5 kwa kila mililita ya damu, na watu wengi wenye afya hufika hapo kufikia siku ya 14. Anayeacha baada ya dozi moja kwa sababu kidonda kimepona anawaachia virusi uwanja.

Ukikosa tarehe, usianze upya. Nenda mara tu unapokumbuka, upate dozi uliyoikosa, kisha uendelee na nafasi zilezile kati ya dozi. Chanjo ya kampuni uliyoanza nayo ikikosekana, endelea na ya kampuni nyingine; kuacha ni hatari zaidi kuliko kubadilisha.

Maumivu na wekundu penye sindano, homa ndogo, kichwa kuuma au mtoki mdogo kwapani kwa siku moja au mbili ni jambo la kawaida, na paracetamol inatosha. Hakuna mwiko wa chakula. Zile habari za sindano 14 au zaidi za tumboni zilikuwa kweli enzi za chanjo iliyotengenezwa kwa tishu za ubongo wa wanyama. Chanjo ya sasa hukuzwa kwenye seli za maabara na si hiyo tena, lakini hofu yake bado inawakimbiza watu.

Seramu: kingamwili za kuazima

Chanjo ikichomwa leo, siku saba za kwanza mwili hauna kitu cha kupigania. Kwa jeraha la daraja la tatu pengo hilo ni refu mno, na seramu ndiyo inayoliziba. Ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa na watu au farasi waliochanjwa. Hazifundishi mwili chochote wala hazidumu, bali zinawanasa virusi palepale kwenye kidonda kabla hawajaupata mshipa.

Kwa hiyo mahali inapochomwa ndipo penye thamani. Ichomwe ndani na kandokando ya jeraha, katika kila tundu la jino, kwa kiasi ambacho nyama ya pale inaweza kupokea. Inauma, hasa kwenye vidole, na daktari atakwenda polepole ili asizuie damu kufika kwenye ncha ya kidole. Seramu yote ikichomwa begani au pajani huku jeraha limeachwa bila kitu, fedha nyingi imetumika kwa faida ndogo. Isichanganywe na chanjo kwenye bomba moja la sindano, wala zisichomwe mahali pamoja, kwani kingamwili zitainasa chanjo yenyewe kabla haijafanya kazi.

Kiasi hutokana na uzito, basi mgonjwa apimwe kwenye mizani, asikadiriwe kwa macho:

Seramu ya binadamu: yuniti 20 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji hadi yuniti 1,200. Kama chupa ina yuniti 150 kwa mililita, hizo ni mililita 8.

Seramu ya farasi: yuniti 40 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15 anahitaji hadi yuniti 600. Kama chupa ina yuniti 300 kwa mililita, ni mililita 2.

Soma lebo, kwa sababu nguvu ya chupa hutofautiana. Kiasi hicho kisizidishwe, maana seramu nyingi mno hupunguza nguvu ya chanjo. Kama majeraha ni mengi na dawa ni kidogo, kama inavyotokea kwa mtoto aliyeng'atwa mwili mzima, seramu hupunguzwa ukali kwa maji ya chumvi ya hospitali hadi itoshe kuzunguka majeraha yote. Baada ya ile ya farasi, mgonjwa akae kituoni akiangaliwa, na adrenalini iwe karibu, kwa kuwa wachache hupata mzio.

Seramu hutolewa mara moja tu, siku ya 0. Ikikosekana siku hiyo, inaweza kutolewa hadi siku ya 7 tangu sindano ya kwanza ya chanjo. Baada ya hapo haina kazi, kwa sababu mwili umeanza kutoa kingamwili zake. Ukweli ni kwamba katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki seramu haipo. Ikiwa ndivyo, kuosha vizuri na kuanza chanjo siku ileile ndio utetezi wako, na kwa watu walio wengi utetezi huo hufanikiwa. Seramu isiyopatikana isiwe sababu ya mtu kurudi nyumbani mikono mitupu.

Siku 10 za mbwa

Mbwa au paka mwenye kichaa hutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuanza kuumwa na wakati anaumwa, kisha hufa haraka. Kwa hiyo mbwa aliyeng'ata leo, akiwa bado mzima, anakula na kunywa baada ya siku 10, hakuwa na virusi kwenye mate siku ile. Daktari anaweza kuisimamisha chanjo. Hesabu hii ni ya mbwa na paka peke yao. Usiitumie kwa mbweha, nguchiro au ng'ombe.

Basi usimuue mbwa kama anaweza kufungwa bila mtu mwingine kuumia. Wananchi wakishampiga mawe hadi kufa, na kichwa kikaharibika, taarifa imepotea. Mwite afisa mifugo wa kata au wadi. Akiwa amekufa, afisa ndiye achukue kichwa kwa ajili ya maabara, kikiwa kwenye baridi. Usikikate wala kukipasua mwenyewe, maana ubongo ndipo virusi vilipojaa. Mbwa akitoroka, au hajulikani ni wa nani, mhesabu kuwa ana kichaa na umalize dozi zote. Kadi ya chanjo ya mbwa isikupe usingizi kama mbwa mwenyewe anatenda kinyume na kawaida yake: anang'ata bila kuchokozwa, anang'ata vijiti na mawe, sauti imebadilika, taya limelegea, anayumba. Aliyepooza na kutulia ana hatari ileile ya yule mkali. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili naye anaweza kuwa na kichaa, na huyo ndiye anayebebwa na kulamba familia nzima.

Wenye kinga dhaifu, wajawazito, na waliowahi kuchanjwa

Mimba na kunyonyesha havizuii chanjo wala seramu. Kwa ugonjwa unaoua namna hii hakuna mtu asiyefaa kuchanjwa.

Mwenye VVU ambaye CD4 zake ziko chini, anayetumia dawa za saratani, au aliyekunywa steroidi (dawa za kupunguza uvimbe ambazo hudhoofisha kinga) kwa muda mrefu, aseme mapema. CD4 ndizo zile chembe T zinazoziamsha chembe B; zikipungua, chanjo ileile hutoa kingamwili chache. Mtu huyu hupewa seramu hata kwa jeraha la daraja la pili, hukamilisha dozi zote bila kuruka, na pakiwa na maabara yenye uwezo hupimwa wiki mbili hadi nne baadaye kuona kama amefika kiwango. Anayemeza dawa zake za VVU vizuri na CD4 zimepanda huitikia chanjo vizuri kama wengine.

Ukihisi kuwashwa, ganzi au mchomo kwenye kovu lililokwisha kupona, pamoja na homa au kushindwa kumeza maji, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaeleze kwamba uliwahi kung'atwa.

Aliyemaliza dozi ana hazina: chembe B za kumbukumbu, zinazokaa miaka mingi zikimsubiri adui huyohuyo. Aking'atwa tena, ataosha jeraha kwa dakika 15 kama kawaida, lakini hahitaji seramu, na chanjo ni mbili tu, siku ya 0 na ya 3. Ikiwa hata miezi mitatu haijapita tangu amalize, kuosha kunatosha. Hili ndilo linalowafaa madaktari wa mifugo, wanaochanja mbwa na wa maabara, ambao huchanjwa mapema kabla ya kung'atwa, siku ya 0 na ya 7. Lakini muuguzi hawezi kuziona chembe hizo. Anachoamini ni maandishi. Piga picha ya kadi kwa simu baada ya kila sindano, tarehe na jina la chanjo vionekane, na uihifadhi pamoja na kadi za kliniki za watoto.